Salamu ya Tatu

Siku ile Latif hakusalimia.

Ujumbe wake uliingia Gisenyi mchana, mvua ikiwa imetulia kidogo, na badala ya kuanza na "Salaam aleikum, Yaya", kama ulivyoanza kila ujumbe wake tangu apate kazi, ulianza na jambo lenyewe, mkavu: "Mtoto Keza. Mama yake amepatikana." Saidati, dada yake mkubwa, ndiye Yaya mwenyewe, aliusoma mara mbili, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Akajiambia mdogo wake ana haraka. Latif akiwa na haraka huacha mlango wazi, huacha viatu nje kwenye mvua, huacha hata nyama kwenye sahani. Salamu hajawahi kuiacha. Saidati alilijua hilo vizuri, ila furaha humtia mtu upofu, na siku hiyo alifurahi mno.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, wakati nusu ya watu wa mpaka ule walikuwa wakiitafuta nusu nyingine. Shirika lililomwajiri Saidati lilikuwa na nyumba moja Gisenyi, mwendo mfupi kutoka Grande Barrière, kituo cha kuvukia mpaka, na nyingine Goma, ng'ambo ya mpaka. Kazi ya shirika ilikuwa kuwarudisha watoto waliopotea kwa wazazi wao. Saidati alitunza mitambo upande huu, Latif upande ule. Juu ya kila nyumba palikuwa na antena, zikitazamana juu ya mpaka, na chini ya kila antena kisanduku cheusi kiitwacho ruta, ambacho ndicho kinachoamua kila ujumbe upite wapi.

Ruta hizo zilikuwa na adabu kuliko wakubwa wa ofisi. Kila baada ya kitambo kidogo moja huisalimu nyingine, nayo huitika. Salamu tatu zikipita bila kuitikiwa, ruta huamini kwamba mwenzake hayupo tena. Huifuta njia ya antena na kuzigeuza barua zote zipite njia ya pili, ile ndefu, kwa simu mpaka Kigali, kisha kwa setilaiti mpaka Goma. Zinachelewa, lakini zinafika.

Shida ilikuwa mvua. Mvua ya Kivu ilikata mawasiliano kwa muda mfupi, ikayarudisha, ikayakata tena. Kila mara ruta ilifuta njia na kuiandika upya, na katika kugeuka huko barua za watu zilipotea. Saidati akachoka. Akaiamuru ruta yake isiifute Goma hata isipoitika. Iingoje. Angeweza kuipa kikomo, iingoje mpaka mvua ipite na basi, lakini hakuipa kikomo chochote. Hata nyumbani ndivyo alivyokuwa. Latif akivuka mpaka, chakula chake hupakuliwa na sahani kufunikwa mezani, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa mpaka arudi, iwe kesho, iwe Ijumaa. Marehemu bibi yao alikuwa akimkaripia kwa hilo, akisema mahali pa mtu pakikaa patupu mno, kuna wengine wanaopaona. Saidati alikuwa akicheka.

Sehemu ya pili ya ujumbe ilisema: "Mleteni ufukoni, jua likizama."

Hapo alisita. Watoto hukabidhiwa Barrière, asubuhi, mbele ya watu wa pande zote mbili. Akaandika: "Juu ya nini ufukoni?" Hajaondoa kidole kwenye kibonyezo, jibu likawa limefika: "Mama ni mgonjwa. Anakuja kwa mtumbwi."

Alipoinywa ile chai, ilikuwa baridi. Alikuwa ameimimina sasa hivi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Verediane, mama kutoka Kanama aliyelea watoto waliohifadhiwa katika nyumba ile, taa ya kandili mkononi. Alikuwa ametoka stoo, chumba cha chini ambamo ruta iliwekwa, na mlikuwa na ngazi fupi ya kushukia.

"Saidati, kule chini mazuku imeingia," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeshusha taa, ikazimika. Na harufu iko, sawa majivu ya kulowa."

Mazuku ni hewa mbaya itokayo ardhini upande wa volkano. Haionekani, hulala mabondeni, na huua mbuzi na wachungaji wao. Kila mtu wa pale anaijua na kuiogopa, kwa hiyo lilikuwa jibu la haraka. Saidati alisema watafungua madirisha. Kisha akampa habari ya Keza, na Verediane akaiweka taa chini na kulia.

Keza alikuwa na miaka sita. Kila jioni alikuwa akiuliza kama barua ya mama imefika. Verediane akamwogesha, akampaka mafuta, akamvisha gauni la manjano, na jua lilipoanza kuinama wakatoka wawili, wameshikana mikono.

Hawajafika mbali, akaingia Uwase, mwanamke anayevuka mpaka kila siku na nyanya zake. Alikuwa na salamu kutoka Goma.

"Latif anakusalimia sana. Anasema usiwe na roho juu. Antene yao radi iliipiga tangu juzi. Iko chini kwa uwanja, bado hawajaiinua."

"Antene gani?" Saidati aliuliza.

"Ile ya ofisi. Mi nimeiona na macho. Latif mwenyewe iko analalamika: anatuma barua kwa ile njia ya Kigali, nyinyi hamujibu hata moja."

Saidati aliutazama ule ujumbe kwenye skrini. Barua za Latif hazikufika kwa kuwa hazikuitikiwa njiani, na majibu yote ya Gisenyi yalikuwa yakitupwa kwenye njia iliyokufa, kwa sababu yeye ndiye aliyeikataza ruta kuamini kifo. Yalipaswa kupotelea hewani, basi. Kitu gani kilikuwa kikiyapokea?

Alitoka mbio bila viatu, akapita uani, akampita langoni mlinzi aliyekuwa akimuuliza kuna nini, akashika njia ya ziwani ambako jua lilikuwa limekwisha kugusa milima ya Kongo, na kadiri alivyokaribia maji ndivyo harufu ya majivu yaliyolowa ilivyomjia, nzito, ikimshuka kooni, na sauti za mji nyuma yake, redio, pikipiki, watoto wa jirani, zikawa zinazimika moja moja mpaka akabaki akisikia pumzi zake mwenyewe na, mbele yake, kutoka juu ya maji ambapo hapakuwa na mtumbwi wala mtu, sauti ya mwanamke ikiita kwa upole wa mama anayemwamsha mwanawe: Keza. Keza. Kisha kimya. Kisha tena: Keza. Keza.

Verediane alikuwa amesimama mchangani, machozi yakimtiririka, asiweze kuinua mguu. Mtoto alikuwa ndani ya maji, yamefika magotini, gauni la manjano likielea.

Watoto wote wa familia za Kiislamu mjini pale hufundishwa jambo moja: ukiitwa wakati wa magharibi, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Binadamu ataita ya tatu. Jini lina mbili tu. Kwa nini mbili? Mimi sijui, na waliokwenda kuuliza hawakurudi kutueleza.

Saidati aliingia majini, akamnyakua Keza kiunoni, akalikabili lile eneo tupu lililokuwa likiita.

"Mama ya mutoto anaita mpaka anaitikiwa," alisema. "Ita ya tatu, nisikie."

Ziwa likanyamaza. Maji yaliyozunguka miguu yake yakawa moto, kisha yakarudi baridi. Kisha redio za mji zikasikika tena, na Verediane akaja mbio kuwapokea.

* * *

Asubuhi yake Keza aliamka na homa. Alikuwa akitembea kuelekea mlango wa stoo, akirudishwa, akitembea tena. "Mama iko kule chini," alisema. "Anasema leo tena, jua likienda."

Régis, mkuu wa ofisi, mtu mwema mwenye woga mwingi, hakutaka kusikia maelezo marefu.

"Bon. Tunaing'oa antene, tunafunga Goma. Donc, basi, inaisha leo."

Lakini kwanza, kwa ombi la Verediane, aliitwa mwalimu Faradji. Huyu alikuwa fundi cherehani aliyerudi kutoka Kigoma, na alikuwa akishona mchana na kutoa majini ikibidi. Alikuja na futi yake ya kupimia shingoni na Kiswahili chake kilichonyooka. Akashuka ngazi za stoo akisoma Kurani, taa mbele. Taa ilipofika usawa wa goti, ikazimika. Mwalimu akapanda upesi kuliko alivyoshuka, na mtu yeyote asimcheke ambaye hajasimama pale.

"Hili halikuvunja mlango," alisema akijifuta jasho. "Limekaribishwa. Nyumba hii imemtengea mtu nafasi, na mtu huyo hayupo. Nani hapa anamngoja mtu?"

Wote walimtazama Saidati.

Akaona haya, kisha hofu, kisha akaelewa. Akawaeleza habari ya ruta iliyokatazwa kumfuta mwenzake, na ingawa hakuulizwa, akaeleza habari ya sahani pia. Alisema asubuhi hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, aliifunua sahani ya Latif kwa mara ya kwanza, na ilikuwa tupu, imelambwa.

"Basi mmekwisha kunijibu," Faradji alisema. "Ng'oeni mtambo. Zibeni chumba. Msahau upande ule."

"Hapana," Saidati akasema.

"Binti yangu, hiki si kitu cha kubishana nacho."

"Mwalimu, na heshima yako yote. Kama mama ya huyu mutoto iko Goma kweli, iko anangoja barua yetu. Na si yeye peke yake. Kuna batoto ngapi katika hii nyumba? Tukiing'oa, tumelisaidia. Linataka njia iwe yake, ao isiwe ya mutu. Mi siing'oi. Njia ni yetu. Yeye njo atoke."

"Na kama hatoki?" Régis aliuliza.

"Atanikuta pale."

Faradji akavuta futi yake huku na huku. "Utafanya nini?"

"Nitaiachia Goma ikufe kidogo," Saidati alisema. "Mazishi ndiyo nilikataa. Ruta itahesabu salamu tatu, isipoitikiwa itaifuta ile njia, na barua zitapita Kigali, mpaka kwa Latif wa kweli. Halafu antene ikisimama, hakuna mutu anarudishiwa kiti yake mpaka apige salamu tatu, na neno la siri tunalijua wawili tu."

Wangeweza kumtuma Uwase na barua, lakini siku hiyo Barrière ilifungwa, kama ilivyozoea kufungwa bila mtu kuelezwa sababu. Ikabaki njia ya Kigali, na laini ya simu ilikuwa mbovu tangu asubuhi. Ilipatikana alasiri, mawingu yakiwa yameshuka. Mwalimu alikaa na Keza juu ya ngazi akimsomea. Verediane alimshika mtoto miguu. Saidati akashuka peke yake.

Mle chini palikuwa na meza, kibodi, skrini, na ruta yenye taa yake ya kijani. Harufu ilimpiga. Aliketi na kuanza kuandika amri ya kwanza, na kabla hajaimaliza, skrini ikajiandika.

"Salaam aleikum, Yaya."

Vidole vikataka kuitika vyenyewe, kwa mazoea ya miaka.

"Salaam aleikum, Yaya."

Akangoja. Taa ya kijani iliwaka na kuzimika, waka na zima. Salamu ya tatu haikuja. Ikaja hii:

"Unanizika nikiwa hai? Ukinifuta, sirudi."

Na hapo Saidati aliogopa kweli, kwa sababu sauti ya maneno yale ilikuwa ya Latif akiwa mdogo, Latif wa homa na vidonda, Latif aliyemshika kanga siku walipokimbia na kumwambia usiniache, na kumbe kitu hiki kilikuwa kimekaa mezani kwake jioni baada ya jioni kikila chakula cha mdogo wake na kusikiliza namna anavyomngoja, kikijifunza, kikinenepa, na sasa kilijua pa kubonyeza, na sakafu chini ya miguu yake ilianza kugongwa, mara mbili, kimya, mara mbili, kimya, na juu ya ngazi Keza akasema kwa sauti isiyo ya mtoto, "Tantine, mama anasema nishuke," na Faradji akasoma kwa nguvu zaidi, na sauti ya Faradji nayo ikaanza kukatika.

"Latif nitamungoja mpaka nikufe," Saidati alisema, akiikazia macho skrini. "Hiyo ni kazi yangu, na sijachoka. Lakini kiti yake si yako. Umekula chakula yake, umeandika na jina yake, umeita mutoto ya mutu na sauti ya mama yake. Hauna hata haya ya kupiga hodi tatu. Toka."

Akabonyeza.

Ruta ikahesabu. Salamu ya kwanza ikaenda Goma kwenye antena iliyolala uwanjani, haikuitikiwa. Ya pili, haikuitikiwa. Kugonga kwa sakafu kukawa kwa kasi, meza ikatikisika, skrini ikajaa neno moja, Yaya, Yaya, likishuka mstari kwa mstari, na Saidati akaiweka mikono yake mapajani ili isije ikaguswa na huruma. Ya tatu haikuitikiwa. Taa ya kijani ikazimika.

Gisenyi ikaamini kwamba Goma haipo.

Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kugonga. Saidati aliinama juu ya kibodi akalia kwa kwikwi, kama mtu aliyetoka makaburini. Kisha modemu ya simu ikalia kwa sauti yake mbaya ya bati, ikitafuta Kigali, na hajawahi kusikia sauti tamu kama ile. Barua zilizokwama zikaanza kuondoka. Faradji akashuka na kandili, akaiweka chini kabisa, sakafuni. Ikaendelea kuwaka.

Jibu lilichelewa mpaka wakadhani halipo. Lilipokuja, lilisema: "Salaam aleikum, Yaya. Muko wapi nyinyi? Siku zote hizi naandika peke yangu sawa mwendawazimu."

Saidati aliandika: "Salimia tena."

"Salaam aleikum."

"Tena."

"Salaam aleikum! Yaya, iko nini, umegonjwa?"

Akacheka huku kamasi zikimtoka. Akamwambia kila kitu. Wakakubaliana neno la siri, ambalo mimi silijui na ningelijua nisingewaambia. Mwishoni Latif akaandika kwamba yuko mwanamke anayekuja langoni kwao kila asubuhi, anamtafuta binti mwenye kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Saidati akausoma ujumbe huo kwa sauti, na juu ya ngazi Verediane akakunja mkono wa gauni la manjano, akalishika lile kovu kwa vidole viwili. Homa ya Keza ilikuwa imeshuka.

Walimkabidhi Barrière, asubuhi, jua kali, mbele ya watu wa pande zote mbili. Mwanamke aliyekonda alisimama upande wa pili akaita, "Keza." Mtoto hakusogea. "Keza," mama akaita, na uso wake ukaanza kuvunjika. Mtoto alikuwa amenyoosha vidole viwili mbele ya kifua chake, akiviangalia.

"Keza, mwana wanjye, uje kwa mama yako."

Kidole cha tatu kikanyooka, na Keza akakimbia.

* * *

Antena ya Goma ilisimamishwa. Mvua bado inakata njia na kuirudisha, na ruta sasa inaingoja Goma kwa kitambo cha mvua kupita, haizidishi hapo. Ikichelewa zaidi, barua zinapita Kigali. Ikirudi, inapiga salamu tatu na kutaja neno la siri kabla ya kupewa njia yake. Régis anaisifu sana, kana kwamba ni yeye aliyeshuka stoo.

Lakini siku nyingine, mawingu yakiwa mazito na Goma imekatika, taa ya kijani huwaka mara mbili yenyewe, kisha hutulia. Saidati huinua macho, huiangalia, hurudi kwenye kazi yake. Hajawahi kuizima ruta kwa sababu hiyo, na hatazima.

Na nyumbani? Nyumbani bado anampakulia Latif. Jioni moja alikuwa ameketi peke yake, sahani ya mdogo wake imefunikwa mbele yake, maharage na ndizi na kipande cha samaki. Magharibi ilikuwa imeingia. Mlango ukagongwa.

"Hodi," ilisema sauti ya Latif. Kisha, kwa upole zaidi: "Hodi, Yaya."

Harufu ya majivu yaliyolowa ikapita chini ya mlango.

Saidati hakuinuka wala hakupunguza mwanga wa taa. Alingoja hodi ya tatu kwa kitambo cha haki, kile ambacho angempa mgeni yeyote; haikuja. Kisha akaifunua sahani, akaivuta karibu, na akaila yote, tonge baada ya tonge, uso wake ukiutazama mlango.